Mwenye Ulemavu Akihama, Nani Auhamishe Msaada Wake?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wainjilisti na wazee wa sharika mnaolisoma gazeti hili pamoja na wengine: mwezi huu twaleta somo juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa dogo, kumbe lina uzima na mauti ndani yake. Nalo ni hili: mtu mwenye ulemavu, anayesaidiwa nyumbani kila siku, akihama mkoa mmoja kwenda mkoa mwingine, msaada wake wahamaje? Nani aupeleka, na nani aupokea?

Sisi wenye miguu yenye nguvu, tukihama, twafunga mizigo, twaaga, twaondoka. Tukifika twauliza maji yapo wapi, soko lipo wapi na kanisa lipo wapi. Hata jioni ya siku ile ile tumekwisha kuanza maisha mapya. Lakini kwa mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, swali la kwanza si soko. Swali lake ni hili: Usiku huu nani atanigeuza?

Zamani magazeti kama haya yaliandika neno "vilema". Siku hizi sheria ya nchi husema "watu wenye ulemavu", maana mtu ni mtu kwanza, na ulemavu ni jambo alilo nalo. Nasi twafuata desturi hiyo. Wala si watu wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, karibu 9 walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Basi hakuna usharika usio nao, hata kama siku ya Jumapili hawaonekani katika viti.

I. KWA NINI WATU HUHAMA

Katika milima ya Uluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Ukoo huo waitwa lukolo, na tangu zamani ardhi ilishikwa na lukolo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Matombo, Kinole, Mgeta au Bunduki ana mahali pake hata kama mwili wake ni dhaifu. Yupo mjomba, wapo mama wakubwa na mama wadogo, wapo watoto wao ambao ni ndugu zake. Tena wapo majirani wa miaka mingi. Hakuna aliyeandika zamu katika karatasi, lakini zamu ipo: huyu huteka maji, huyu huleta kuni, yule hupita jioni kumtoa nje apunge hewa. Mtoto wa jirani ajua kwamba akisikia mluzi fulani sharti aende kutazama.

Lakini milima hiyo hiyo ina taabu zake. Kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600 juu ya bahari, na vijiji vingi vimekaa katika miteremko mikali. Kiti cha magurudumu hakipandi njia ya mlimani, hasa wakati wa masika matope yanapoteleza. Mtu akiugua sana huchukuliwa kwa machela mpaka barabarani, na mabega ya wachukuzi hayapatikani kila saa. Basi mwingine huteremka apate kukaa karibu na hospitali, mwingine kwa ajili ya shule ya mtoto asiyesikia au asiyeona, mwingine kwa kuwa mama aliyemtunza amezeeka au amefariki, na nduguye aliyebaki ameolewa mkoa mwingine.

Na siku hizi njia ni fupi. Mwaka 2024 treni ya reli mpya ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro mpaka Dodoma. Mtu aweza kuondoka Morogoro asubuhi na kula chakula cha mchana Dodoma. Jambo hili ni jema, lakini lina hatari moja: mwili wafika kabla ya habari zake.

II. MFANO WA KUTUFUNDISHA

Tuweke mfano. Si habari ya mtu fulani, bali tumeukusanya katika mambo ambayo wauguzi wayajua sana.

Kijana mmoja wa upande wa Matombo alipanda mkarafuu wakati wa mavuno. Tawi likakatika, akaanguka, uti wa mgongo ukaumia. Tangu siku ile hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono yake ni mizima, akili yake ni nzima. Hushona viatu, na watu humletea kazi kutoka vijiji vya mbali. Mama yake amemtunza miaka minne. Usiku humgeuza kila baada ya saa mbili, maana mwili usio na hisia haulalamiki. Mahali panapolaliwa muda mrefu damu haipiti, ngozi huanza kufa, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Kidonda cha namna hiyo chaweza kuanza kwa saa chache, kikachukua miezi kupona, na uozo wake ukiingia katika damu huua. Tena kijana hutumia mrija wa kutoa mkojo, wenye saa zake na usafi wake. Mama yake ayajua yote hayo kama ajuavyo njia ya kisimani.

Kisha mama akafariki. Dada mkubwa ameolewa Dodoma, umbali wa kilomita zipatazo 260 kutoka mjini Morogoro. Yeye na mumewe wakasema, "Aje kwetu." Nao walisema kwa moyo mweupe. Wakatengeneza chumba, wakanunua godoro, wakampokea kwa furaha. Usiku wa kwanza dada alimtazama nduguye amelala fofofo kwa uchovu wa safari, akasema moyoni, "Maskini, amechoka, nimwache apumzike." Akamwacha mpaka asubuhi.

Je, kijana mwenyewe hakuweza kusema? Aliweza, lakini tufikiri habari zake. Yumo katika nyumba ya shemeji yake. Nyumbani kwao mama alimwosha na kumgeuza bila kuombwa. Hapa yampasa amwambie dada yake, huku shemeji asikia, mambo ya mkojo na ya choo. Aona haya. Asema, "Nitavumilia mpaka kesho." Kesho yake asema vile vile. Siku ya tano dada aona alama nyeusi chini ya mgongo.

Katika habari hii hakuna mwovu. Hakuna aliyemchukia kijana, wala hakuna aliyemnyima chakula. Msaada aliokuwa nao ulibaki Matombo, katika mikono ya mama iliyokwisha kuzikwa na katika vichwa vya majirani ambao hakuna aliyewauliza.

Na mfano wa pili. Huko Mahenge, upande wa kusini wa mkoa huu wa Morogoro, ugonjwa wa kifafa umesumbua watu wengi tangu zamani, na katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliwafungulia kliniki yao. Mtu mwenye kifafa anywaye dawa kila siku aweza kulima, kusoma na kulea watoto. Lakini akihama, dawa zikamwishia kabla hajajua kliniki ya mahali pageni, hatari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Dawa hizo zikikatwa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, kikamwangusha mara kwa mara pasipo kupumzika, hata akafa. Huyu naye hakupungukiwa na upendo. Alipungukiwa na dawa za majuma machache na jina la mahali pa kupata nyingine.

III. MSAADA NI WA NAMNA TATU

Ili tusichanganyikiwe, yafaa tuugawanye msaada wa nyumbani katika namna tatu, maana kila namna ina njia yake ya kuhama.

Namna ya kwanza ni msaada wa kubebwa. Ndio vyombo na dawa: kiti cha magurudumu, magongo, mto wa kukalia, mirija, miwani, kadi ya kliniki, vidonge. Hivi vyaingia katika mzigo. Lakini hata hivi husahauliwa. Watu hubeba godoro wakaacha mto wa kukalia, kwa kuwa hawajui kwamba mto ule ndio uliozuia kidonda. Au wabeba kiti bila kuuliza kama mlango wa nyumba mpya ni mpana wa kukipitisha.

Namna ya pili ni msaada wa kuandikwa. Ndio ule uliomo katika madaftari: jina katika daftari la kijiji, jina katika orodha ya kaya za walengwa wa TASAF, jina katika zahanati, jina katika bima, jina katika shule. Msaada huu haubebwi, wala haumfuati mtu kwa kuwa ni mwema. Sharti mtu aende katika ofisi atokayo na kusema, "Nahama," na katika ofisi aendayo na kusema, "Nimefika." Jina likifutwa huku kabla ya kuandikwa kule, mtu hubaki katikati, hana kwao wala hana ugenini.

Namna ya tatu ni msaada wa kupandwa upya. Ndio watu: jirani ateka maji, mtoto asikiaye mluzi, fundi ajuaye kutengeneza kile kiti, mzee wa kanisa apitaye Alhamisi. Huu haubebwi wala hauandikwi. Mkulima wa Mgeta ajua kwamba mche wa kabichi haung'olewi mkavu. Huhamishwa na udongo kidogo kwenye mizizi, na shimo huwa limekwisha kuchimbwa upande wa pili, tena hunyweshwa siku za kwanza mpaka ushike. Ndivyo ulivyo msaada huu. Na kwa kuwa hauonekani katika mzigo wala katika daftari, ndio unaosahauliwa kuliko wote.

IV. SHERIA ZASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 17, yampa kila raia uhuru wa kwenda atakako na kuishi sehemu yoyote ya nchi. Haikusema "kila raia mwenye miguu mizima". Tena Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2006 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 19 ya mkataba huo yasema juu ya haki ya mtu mwenye ulemavu kuchagua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, na kupata msaada wa nyumbani aishi katika jamii, asitengwe.

Hapa nchini zilikuwapo sheria mbili za mwaka 1982, moja ya kazi na nyingine ya utunzaji. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, iliyochukua mahali pake. Sheria hiyo yawapa ndugu wajibu, yaipa serikali ya mtaa wajibu, na yaweka kamati za mambo ya watu wenye ulemavu tangu mkoa mpaka kijiji na mtaa. Tena mwezi wa Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wapitao nyumba kwa nyumba.

Basi mwenye ulemavu anapohama hatoki katika sheria na kuingia jangwani. Kamati ipo atokako, na kamati yapaswa kuwapo aendako. Lakini tukumbuke kwamba sheria huweka wajibu mahali mtu anapoishi. Mwenyekiti wa mtaa wa Dodoma hawezi kumsaidia mtu ambaye hajui kwamba amefika. Wala sheria haiwezi kumweleza dada saa za kumgeuza nduguye. Hayo sharti yasemwe na watu kwa watu.

V. WENGINE WAMEFANYAJE

Taabu hii si yetu peke yetu. Katika Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1662, kila maskini alihesabiwa kuwa wa parokia fulani. Mgeni aliyeonekana kwamba huenda akawa mzigo kwa parokia nyingine aliweza, katika siku 40 za kwanza, kuamriwa arudishwe alikotoka. Mtu dhaifu alifungwa mahali kwa msaada wake kama mbuzi kwa kamba: akihama, apoteza chakula.

Nchi hiyo hiyo ilibadili mawazo yake. Kwa sheria ya utunzaji ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika England mwaka 2015, mtu asaidiwaye na halmashauri moja akitaka kuhamia halmashauri nyingine, ile ya kwanza yapaswa kuipelekea ya pili maandiko ya msaada wake. Ile ya pili yapaswa kumwendea na kutazama mahitaji yake kabla hajahama. Na kama siku ya kuhama imefika nao hawajamaliza kutazama, yawapasa kumpa msaada ule ule aliokuwa akipewa mwanzo, mpaka watakapomaliza. Msaada usikatike hata siku moja.

Sisi hatuna fedha za halmashauri za England. Lakini shauri lililo ndani ya sheria ile halidai fedha nyingi. Ni mambo matatu: atokako waandike, aendako waje kutazama mapema, na mpaka watakapojua zaidi, wafanye kama ilivyofanywa jana. Haya hata usharika maskini waweza.

VI. KAZI YETU, HATUA KWA HATUA

Msharika wetu akihama, twajua la kufanya: huandikiwa barua, naye huipeleka kwa mchungaji wa usharika mpya. Desturi hii ni ya kale. Hata mtume Paulo alimwandikia Fibi barua ya kumtambulisha kwa ndugu wa Rumi, akawaomba wamsaidie katika haja zake. Twaweza kuitumia desturi hiyo kwa jambo hili. Kanisa letu la KKKT liliunganika mwaka 1963 kutoka makanisa saba. Dayosisi ya Morogoro na Dayosisi ya Dodoma zina mipaka, lakini kanisa ni moja. Haifai mpaka wa dayosisi uwe kuta mbili na mtu amebanwa katikati.

Hatua ya kwanza: mwenyewe aulizwe. Kabla hatujaongea na dada, na mjomba au na mchungaji, tumwulize yeye ahamaye: Wataka kwenda? Wataka nani ajue habari zako, na nani asijue? Mambo ya mwili wake si tangazo la Jumapili. Kama ni mtoto, au hawezi kusema, waulizwe wale wamjuao zaidi, naye atazamwe uso wake anapoambiwa.

Hatua ya pili: iandikwe karatasi ya utunzaji. Ukurasa mmoja watosha, kwa maneno mepesi. Iandikwe mambo awezayo kufanya mwenyewe, ili asije akafanyiwa kama mtoto mchanga, mambo asaidiwayo, na saa zake, dawa, kiasi chake, na siku zitakapokwisha, dalili za hatari na la kufanya, vyombo vyake, kliniki aliyohudhuria, na simu ya mtu mmoja wa kuulizwa huku atokako. Mwenye kujua kuandika amsaidie asiyejua. Karatasi moja akae nayo mwenyewe, nyingine apewe atakayemtunza.

Hatua ya tatu: mikono ifundishe mikono. Karatasi pekee haitoshi; hakuna aliyejifunza kusonga ugali kwa kusoma. Ikiwezekana yule atakayepokea aje siku chache kabla ya safari, amgeuze, amwoshe, amwinue, mtunzaji wa kwanza akitazama. Kama hawezi kuja, basi mmoja wa watunzaji afuatane na msafiri akae kule juma moja. Hapa usharika waweza kusaidia kwa nauli. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kidonda cha miezi sita.

Hatua ya nne: ofisi zote mbili zijue. Huku: mwenyekiti wa kijiji na mtendaji watoe barua ya utambulisho, kamati ya watu wenye ulemavu iambiwe, kama kaya yake ni ya walengwa wa TASAF, viongozi wa kijiji waulizwe mapema jinsi ya kuhamisha habari zake, zahanati itoe maandiko ya ugonjwa na dawa za kutosha njia na majuma ya kwanza. Kule: mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya wa mtaa na kliniki waonwe katika juma la kwanza. Asiende mgonjwa peke yake kuzunguka maofisi. Mzee wa kanisa aende naye, au aende kwa niaba yake.

Hatua ya tano: usharika upokee kwa majina. Pasiwe na maneno ya jumla, kwamba "kanisa litamsaidia". Litamsaidia nani? Jumatatu nani? Maji nani? Atakayemsukuma kuja ibadani nani? Jumuiya ya nyumba zilizo karibu ikutane jioni moja igawe zamu, hata kama ni ndogo. Na mwenyewe awepo katika mkutano huo, asiwe mtu wa kuzungumzwa akiwa chumba cha pili. Baada ya siku saba iandikwe barua ya kurudi, au ipigwe simu: "Amefika. Ngozi yake ni nzima. Zamu zimegawanywa hivi na hivi." Bila jibu hilo, waliomtuma wasijihesabu kwamba wamemaliza.

Hatua ya sita: apewe jembe lake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani methali hii haimhusu mwenye ulemavu. Yamhusu sana. Yule kijana wa Matombo ni fundi wa viatu. Basi juma la pili atafutiwe mahali penye kivuli penye kupita watu, na jumuiya impelekee viatu. Mwingine ajua hesabu, mwingine ni mwimbaji, mwingine aweza kufundisha watoto kusoma. Mtu anayepewa tu, siku zote, huwa mgeni mpaka kufa.

VII. MANENO AMBAYO WATU HUSEMA

Wengine husema, "Abaki nyumbani kwa lukolo lake, huko ndiko kwake." Kama yeye ataka kubaki, na abaki, tumsaidie huko. Lakini kama ataka kwenda, tusimfunge kwa huruma. Lukolo ni zuri. Lakini watu wake nao huzeeka, huhama na kufa. Na mara nyingi mzigo wote huwa umemwangukia mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza kama amechoka.

Wengine husema, "Apelekwe kituoni, huko wapo wenye kazi yao." Twaheshimu vituo. Kanisa letu lina Lutindi katika Usambara, mahali palipoanza mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Wengi walipata nafuu huko. Lakini hata mtu wa kituoni ana siku ya kurudi nyumbani, na siku hiyo maswali ni yale yale: nani aijua dawa yake, nani atampokea, nani ameandikwa zamu? Kituo hakiondoi kazi ya kupokezana.

Wengine husema, "Hii ni kazi ya serikali." Ndiyo, ni kazi ya serikali, na yatupasa kuidai kwa adabu na kwa bidii pale isipofanyika. Wala tusiifiche serikali udhaifu wake kwa kufanya yote kimya kimya. Lakini ofisi hufungwa alasiri, na mwili wa mtu wahitaji kugeuzwa saa nane za usiku. Kazi ya ofisi na kazi ya jirani hazishindani.

Na wengine husema, "Sisi hatuna mtu wa namna hiyo." Twawaomba watazame tena. Wapite nyumba za mwisho wa njia. Wawaulize watoto, maana watoto wajua kila nyumba yenye mtu asiyetoka. Inawezekana amefika mwezi uliopita kutoka mkoa mwingine, na barua yake ya usharika imo katika begi chini ya kitanda, kwa kuwa hakuna aliyemchukua kuipeleka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mwaka huu, ni nani mwenye ulemavu aliyehama kutoka kwetu? Je, twajua kama alifika salama, na nani amtunza?

2. Ni nani aliyehamia kwetu? Nani miongoni mwetu ajua saa za dawa zake, kwa ruhusa yake?

3. Tuseme msaada wa mtu mmoja tumjuaye. Upi ni wa kubebwa, upi ni wa kuandikwa, na upi ni wa kupandwa upya?

4. Nani ni mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu katika kijiji au mtaa wetu? Kama hatumjui, nani ataenda kuuliza juma hili?

5. Mama au dada atunzaye mtu nyumbani, nani humpokea apate kulala usiku mmoja?

Wainjilisti wapenzi, swali la nne lisipite bila jina la mtu na siku yake. Na kama yupo kati yenu anayejitayarisha kuhama sasa, msingoje somo la mwezi ujao. Chukueni karatasi leo jioni, mkaketi kando ya kitanda chake, mkamwulize aseme la kwanza.